Kompyuta Haiujui Mto

Wako watu, tena watu wenye elimu, wasemao ya kwamba Kiswahili hakina kazi katika mafunzo ya uhandisi wa madaraja. Hoja yao ni fupi. Daraja siku hizi, wasema, hupimwa kwa programu za kompyuta. Programu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Vitabu vya kuzieleza ni vya Kiingereza. Kanuni za ujenzi na mikataba ni ya Kiingereza. Basi mwanafunzi na ajifunze Kiingereza, ajue kitufe gani hufuata kitufe gani, na shughuli imekwisha. Kiswahili na kibaki katika ushairi, hotuba na soko.

Kama hoja hii ingekuwa dharau tupu, ingefaa kujibiwa kwa kunyamaza. Lakini ina madhara, na madhara yake hayaonekani darasani. Yaonekana njiani, baina ya mto Rufiji na mji wa Lindi.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania, wakati ardhi imekwisha kushiba maji ya masika. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara ilikatika mahali kadhaa, Somanga na Mikereng'ende pakiwa miongoni mwao. Magari yalikwama pande zote mbili. Aliyekuwa hana budi kwenda kusini kwa njia ya nchi kavu ilimpasa kuzunguka kwa Songea na Tunduru, safari ya mbali mno kwa mgonjwa, na ghali mno kwa mwenye mzigo wa samaki. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Rufiji, lina urefu wa mita 970 na ni fahari ya nchi. Lakini daraja kubwa lamfaa nini msafiri ikiwa vijito vya mbele yake vimeila njia?

Ni lazima kuuliza kwanza ni kitu gani hasa huangusha daraja. Mtu asiye mhandisi hudhani ni uzito: lori limezidisha shehena, boriti imevunjika. Mambo si hivyo mara nyingi. Marekani, ambako habari za madaraja yaliyoanguka huandikwa na kuhifadhiwa, uchunguzi umeonyesha mara kwa mara ya kuwa maji ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Tarehe 5 Aprili 1987, katika jimbo la New York, daraja la mto Schoharie liliporomoka na watu 10 wakafa. Zege lake halikuelemewa na magari. Mafuriko yalichimba mchanga chini ya msingi wa nguzo hata nguzo ikakosa mahali pa kukanyaga. Kwa makalavati na matuta ya barabara hali ni hiyo hiyo: maji yakikosa nafasi ya kupita chini hupita juu au hupita ubavuni, na udongo wa tuta haukuumbwa kuwa mto.

Sasa na afikiriwe kijana wa mwaka wa tatu aketiye mbele ya kompyuta kujifunza kulipima daraja. Huchora mhimili, akachagua zege na nondo, akaweka mashikizo ya ncha, akapitisha lori la kubuni juu yake, kisha akabonyeza kitufe. Kwa nukta chache kompyuta humpa picha ya rangi, nyekundu mahali pa hatari na buluu mahali pa salama. Kijana hufurahi, na ana haki ya kufurahi, maana hesabu ile ingemchukua babu yake wa kazi wiki nzima. Lakini katika yote hayo hakuulizwa neno moja juu ya mto. Hakuulizwa maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa, wala kama kijito huhama, wala kama chini ni mwamba au mchanga. Daraja lake linaning'inia katika anga jeupe la kioo.

Watetezi wa vitufe watajibu ya kwamba iko programu nyingine kwa kazi ya mto, na hapo wasema kweli. Iko HEC-RAS, itengenezwayo na wahandisi wa jeshi la Marekani na kutolewa bure kwa kila atakaye. Hiyo huuliza habari za mto: umbo la bonde, wingi wa maji, ukali wa kingo, kina cha mchanga unaoweza kuchimbwa penye nguzo. Swali ni hili: majibu yatoka wapi? Kompyuta hainayo. Kitabu cha Kiingereza hakinayo. Kumbukumbu za vipimo vya mvua na mito ya kusini si nyingi kama ipasavyo, na mahali pasipo kipimo hapana budi kuuliza watu. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Mtoto aliyekiona siku ile, ikiwa yungali hai, ni mzee leo; aweza kuonyesha kwa kidole mwembe ambao maji yaliufikia. Mkulima wa kando ya Matandu, Mavuji au Mbwemkuru anajua ni upande gani wa ukingo ambao mto umeula tangu alipolima shamba lake la kwanza. Elimu hiyo ni kipimo halali, na wahandisi wa nchi nyingine huitafuta na kuiandika. Hapa imehifadhiwa kwa Kiswahili, na nyuma ya Kiswahili kwa Kimatumbi, Kimachinga na Kimwera. Mhandisi aliyefundishwa kuuwaza mto kwa Kiingereza pekee atafika kwa mzee yule bila swali. Atamwamkia, atapiga picha, ataondoka.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili imo ndani ya programu yenyewe.

SAP2000 na CSiBridge, zinazotumiwa sana kwa kazi hii, ni uzao wa kazi iliyoanzwa na Edward L. Wilson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1970, mwaka ule ule ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kusimama peke yake. Herufi S, A na P ni kifupi cha maneno yenye maana ya programu ya kuchanganua majengo. Zikisomwa pamoja, huwa neno la mitaani la Kiingereza liitalo mtu mjinga. Wilson hakuteleza. Alieleza mwenyewe ya kuwa jina lilichaguliwa ili limkumbushe mtumiaji kwamba programu hii, kama programu zote, haina akili, na kwamba dhamana ya matokeo ni ya mhandisi. Baba wa chombo alikiita chombo chake mjinga. Wanafunzi wake wa mbali wamekiita mwalimu.

Na chombo hicho kikidanganywa hudanganya, bila haya. Tarehe 23 Agosti 1991 jukwaa la zege la mafuta liitwalo Sleipner A lilizama huko Norway, lilipokuwa likijaribiwa kabla ya kupelekwa baharini. Hesabu zake zilifanywa kwa kompyuta, kwa programu mashuhuri, na wahandisi wa nchi tajiri. Wachunguzi walikuta ya kuwa kielelezo kilichorwa vibaya penye kuta fulani, na nguvu ya mkato mahali pale ikahesabiwa pungufu kwa asilimia 47. Kompyuta haikukosea hata tarakimu moja ya hesabu iliyopewa. Ilipewa jengo ambalo si lile lililojengwa.

Basi mwanafunzi ajikinge vipi? Hana kinga ila kufahamu, na kufahamu kuna lugha yake. Na uchukuliwe mfano mdogo kabisa. Upo mhimili wenye urefu wa mita 12, umebeba mzigo uliotandazwa sawasawa, kilonyutoni 20 kwa kila mita. Kama ncha zake zimelazwa tu juu ya kuta, nguvu ya kuupinda katikati hupatikana kwa kuzidisha mzigo kwa urefu mara mbili, kisha kugawa kwa 8: ishirini mara 12 mara 12, gawa kwa 8, ni kilonyutoni-mita 360. Kama ncha zimeshikwa barabara katika kuta, hata haziwezi kuzunguka kamwe, mgawanyo ni kwa 24, na nguvu ya katikati huwa 120 tu, ingawa ncha nazo hubeba 240. Mhimili ni ule ule, mzigo ni ule ule. Tofauti ni kitufe kimoja. Aliyechagua vibaya ataweka katikati nondo za kuhimili thuluthi ya nguvu itakayokuja.

Kitufe hicho kimeandikwaje? Kimeandikwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, moja lenye maana ya kufungwa imara, na jingine litokanalo na pini. Kijana aliyejifunza Kiingereza cha shule anajua ya kuwa pini hushikiza nguo isitoke. Kwa akili yake njema kabisa huona maneno yote mawili yana maana ya kushikwa, akachagua lolote. Aambiwe kwa Kiswahili ya kuwa ncha ile ina bawaba, hatasahau maisha yake, maana kila mlango alioufungua tangu utoto ulimwonyesha bawaba kazi yake: hushika mlango usianguke, lakini huuacha uzunguke. Neno moja limefanya kazi ya mhadhara mzima. Wale wasemao Kiswahili ni kizuizi cha sayansi waeleze neno hili limezuia nini.

Wala elimu hii si ngeni katika pwani ya Kilwa. Aendaye Kilwa Kisiwani kwa mashua kutoka Kilwa Masoko ataona magofu ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981: Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, na Msikiti Mkuu wenye matao na makuba. Na apime vyumba vya nyumba za mawe za pwani. Virefu huwa virefu sana, lakini upana wake aghalabu ni baina ya mita 2 na nusu na mita 3. Sababu ni boriti. Dari lililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kikomo chake. Hesabu ya hapo juu yaeleza kwa nini mwashi hakuthubutu kupita kikomo hicho: urefu ukiwa mara mbili, kwa mzigo ule ule wa kila mita, nguvu ya kupinda huwa mara nne. Mhimili wa mita 6 hupata 90. Wa mita 12 hupata 360. Alipotaka nafasi pana zaidi, mwashi aliiacha boriti akajenga tao na kuba, ambavyo hupeleka uzito kwa kugandamiza mawe badala ya kuyapinda. Wala hakufaulu kila mara: upanuzi wa Msikiti Mkuu uliporomoka, na katika karne ya 15 ukajengwa upya. Watu waliojenga, wakakosea, wakajenga tena, walikuwa na maneno ya kuzungumzia kazi yao. Boriti, nguzo, mhimili, tao, kuba, msingi, ufa, zege: hakuna hata moja lililosubiri kompyuta.

Watasema wapinzani: hayo ni ya waashi, lakini istilahi za kisasa hazipo. Hapa lawama si ya wahandisi peke yao. Wataalamu wa Kiswahili wana fungu lao kubwa, na ni haki walisikie. Wametumia miaka mingi kugombania kama chombo kiitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta, na wakati wakigombana, mafundi na watoto wa shule wa Tanzania wameshasema kompyuta wakaendelea na kazi. Ziko orodha za istilahi zilizotungwa mezani ambazo hakuna msimamizi wa ujenzi aliyeulizwa, na kwa hiyo hakuna azisemaye. Neno la kazi hupatikana kazini. Fundi wa nondo, mchanganya zege na dereva wa tingatinga wana maneno; mtunga istilahi asiyekwenda kuyasikiliza anatunga kwa ajili ya rafu za maktaba.

Hata hivyo si kweli kwamba jambo halijawezekana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na ndani ya fizikia hiyo zimo nguvu, kani na mgandamizo ambavyo daraja lote husimama juu yake. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washiriki wao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za ofisi zenye vitufe na amri za Kiswahili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka ya kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Kamusi imepatikana, programu imejaribiwa, sera imeandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na programu ya madaraja na kuandika mwongozo wa kurasa 100 ambao mwanafunzi wa kusini aweza kuusoma akaelewa.

Ibaki hoja moja ya wapinzani yenye uzito wa kweli. Mhandisi wa Tanzania, wasema, atafanya kazi na wakandarasi kutoka nje, na fedha za madaraja mara nyingi hutoka kwa wakopeshaji wa kimataifa. Asipojua Kiingereza atatiwa mkono kichwani. Hilo ni kweli tupu, na hakuna mwenye busara asemaye Kiingereza kitupwe. Lakini lugha ya kuafikiana na mgeni na lugha ya kufahamu jambo si lazima ziwe moja. Mtu hufahamu kwanza, kisha huafikiana. Aafikianaye bila kufahamu hutia sahihi tu. Mhandisi aliyekariri kwa Kiingereza ndiye atakayeshindwa mbele ya mkandarasi, maana ataonyeshwa picha yenye rangi ya buluu naye hatakuwa na swali la kuuliza. Anayejua kwa nini 360 haiwezi kuwa 120 atauliza, kwa Kiingereza chochote alicho nacho, na atajibiwa.

Yafaa basi kusema wazi ni nini kitakiwacho, ili mjadala usibaki maneno. Kwanza, mafunzo ya programu yaanze kando ya mto. Mwanafunzi apime upana, kina na alama za mafuriko, na aandike kwa Kiswahili maneno ya wenyeji watatu au wanne, kabla hajaruhusiwa kuwasha kompyuta. Pili, asibonyeze kitufe cha hesabu mpaka awe ameandika kwa mkono jibu analolitarajia, pamoja na sababu yake kwa lugha aijuayo vizuri. Jibu la kompyuta likiwa mbali na lake, mmoja wao amekosea, na ni kazi yake kumjua. Tatu, idara za uhandisi na idara za Kiswahili zikae meza moja na mafundi, waandike mwongozo huo. Nne, mtihani wa kumalizia uwe na sehemu ya mdomo, ambayo mwanafunzi atamweleza mtu asiye mhandisi kwa nini daraja lake litasimama maji yakija.

Sharti hili la nne litachekwa kuliko yote, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Daraja la Somanga halipitwi na wahandisi peke yao. Hupitwa na mama anayemkimbiza mtoto hospitali, na mwanafunzi arudiye chuoni, na lori la korosho. Hao ndio wanaolipa kodi, na ndio waliolala njiani mwaka 2024. Wana haki ya kuuliza, na ya kujibiwa kwa lugha waisemayo: maji yatapita wapi? Mhandisi asiyeweza kulijibu swali hilo kwa Kiswahili na ashukiwe kwamba hajalijibu kwa lugha yoyote.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa kusini umejengwa mara nyingi sasa. Ufa uko darasani, penye kijana aangaliaye rangi nyekundu na buluu bila kujua zimetoka wapi, na mwalimu aliyeona haya kumwambia bawaba.